Mwalimu Apolinaria Masolwa, Aliyewatoa Watoto wa Ikongwa Nje ya Darasa

“Mwalimu, mwanangu alianza kusinzia darasani kwako lini?”

Josepha, jirani yake, alimwuliza marehemu swali hilo mlangoni pa nyumba yake hapa Ikongwa, mwezi wa Septemba mwaka 1947, baada ya kuondoa matanga ya binti yake Imakulata. Wasifu huu unaanza nalo kwa sababu Mwalimu Apolinaria aliishi na swali hilo mpaka alipofariki. Jana mimi dada yake nilikwenda kwa Josepha kumwomba ruhusa ya kulisoma mbele yenu. Nilimkuta anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta. Akasema, “Soma, Skola. Ila usinitengenezee maneno.” Kwa msaada wa Mungu sitamtengenezea yeye, wala mdogo wangu.

Apolinaria alizaliwa Puge, katika nchi ya Nzega, tarehe 23 Julai 1910, siku ya Mtakatifu Apolinari, akiwa mtoto wa pili wa mzee Masolwa na mama yetu Veronika. Ulikuwa wakati wa Wajerumani. Baba yetu alikuwa mpagazi wa misafara, na alikwenda pwani na kurudi na mzigo begani kabla reli haijafika Tabora. Huenda mtoto alirithi miguu ya baba. Tangu alipojua kutembea hakukaa uani. Mtu yeyote akipita njiani, yeye alimfuata nyuma, hata kama hamjui. Mama alichoka kumtafuta, akamfunga kamba kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye kinu. Wageni wakishangaa, mama aliwaambia, “Yule ni mbuzi wangu mmoja mwenye jina la ubatizo.”

Baada ya vita vya kwanza na ile njaa iliyofuata, alianza kusoma herufi kwa katekista wa Puge, mwaka 1919, wakiandika kwa kidole mchangani. Mwaka 1922 tulipelekwa wote wawili kwa masista Tabora. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akaendelea na mafunzo ya ualimu, akamaliza mwaka 1928. Likizo moja alirudi nyumbani amekasirika kwa sababu ramani ya ukutani pale shuleni haikuwa na Puge. Akachukua mkaa, akachora ukutani kwetu kisima, mbuga, kanisa na njia zote.

Mama akamwuliza, “Umenichorea nini hapa? Njia za siafu?”

“Ni Puge, mama.”

“Puge naiona mlangoni. Ukutani ya nini?”

Alipigwa, na ukuta ukapakwa udongo upya. Lakini alipokuwa mwalimu, ramani ya kwanza aliyowafundisha watoto ilikuwa ya kijiji chao wenyewe, nao waliitembea kwanza kabla ya kuichora.

Alifundisha Puge tangu mwaka 1929. Hapo ndipo alipokutana na mume wake, bwana Tobias, mrina asali wa Ikongwa, aliyekuwa amekuja Puge kwa mjomba wake kutundika mizinga. Apolinaria alimpelekea darasa zima kwa somo la viumbe. Tobias aliwaambia wasipige kelele karibu na mzinga. Watoto walitii. Aliyepiga kelele ni mwalimu, kwa maana alitaka kila mtu asikie maelezo, na nyuki wakamwuma jichoni. Aliendelea kufundisha kwa jicho moja mpaka somo likaisha. Bwana Tobias husema mpaka leo, “Mimi nilimposa akiwa amevimba.” Walifunga ndoa takatifu tarehe 5 Septemba 1936, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sylvester na Veneranda.

Mwaka 1937 walihamia hapa Ikongwa, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Wazee mnakumbuka jinsi kijiji hiki kilivyoanza. Serikali ilikuwa imewatoa watu katika makazi yao ya porini kwa sababu ya malale, ikawakusanya mahali pamoja, miti ikakatwa pande zote ili mbung'o, nzi waenezao ugonjwa huo, wasipate kivuli. Mliacha makaburi ya babu zenu huko na mkakatazwa kurudi. Shule ilikuwa ya udongo, ina madirisha mawili madogo, na watoto walijazana humo kama viazi kwenye kapu. Mwalimu Apolinaria alikaa humo wiki ya kwanza. Wiki ya pili akawatoa.

Hesabu alizifundishia sokoni. Kila muhula aliwaongoza darasa la tatu kwa miguu mpaka soko la Tabora mjini, kwa Mwanajuma, mwuza karanga, mama mmoja wa Kiislamu mkali sana wa vipimo. Watoto walipima kwa kibaba na pishi, yeye akiwasimamia.

“Wewe! Kibaba si kilima. Kata hicho kichwa.”

“Bibi, mbona chako kina kichwa?”

“Changu kina kichwa kwa sababu hapa nanunua. Nikiuza hakina.”

Watu wa sokoni waliangua kicheko. Mwalimu akasema, “Andikeni na hiyo, hiyo nayo ni hesabu.” Mwanajuma amefika leo kutoka mjini, tunamshukuru.

Historia na jiografia walizisoma kwa miguu. Baba yetu alipokuja kututembelea, mwalimu alimwomba awafundishe watoto kubeba mzigo kama wapagazi. Kila mtoto alipewa mfuko wa mchanga, mmoja akapewa kazi ya kiongozi wa mbele, na wimbo wa safari ukaanza, wakaelekea Kwihara kuliona lile tembe la zamani la wakati wa misafara. Wanawake waliokuwa wakilima kando ya njia walisimama na majembe yao. “Jamani, njooni muone! Msafara wa makamasi!” “Pembe mmeuza wapi?” “Huyo wa nyuma anabeba mzigo wake au mzigo unambeba?” Watoto walijibu kwa kuimba zaidi. Walipofika walipima kuta kwa mikono iliyonyooshwa, wakachora vyumba kwa vijiti chini. Jioni kila mzazi alipewa habari za safari ile mpaka akaomba kulala.

Udongo wa kufinyanga waliuchota mbugani. Miti waliijua kwa jina, kwa gome na kwa kazi yake, bwana Tobias akiwa mbele. Siku za kuombea mashamba waliyazunguka pamoja na Padri wakiimba litania, na njiani kurudi mwalimu aliwauliza ni shamba la nani lenye magugu mengi. Wapo hapa watu wazima waliotajwa siku hizo, nao hawajasahau.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Naomba mnivumilie.

Wiki ya Pentekoste mwaka 1947, darasa la nne lilikuwa na somo la afya. Somo lilikuwa malale. Mwalimu aliwapeleka watoto kwenye kile kituo cha njia panda, ambako kila aliyetoka porini alisimamishwa akaguliwe asije na mbung'o mgongoni. Mlinzi alikuwa mzee Yahaya wa mjini, Mungu amrehemu, mtu wa maneno mengi na wavu mkononi.

“Shikamoo, mzee!” Watoto wote kwa pamoja.

“Marahaba, marahaba. Mwalimu, umeniletea watoto au mbung'o? Geuka nyuma wewe, nikusafishe.”

Aliwaonyesha jinsi mbung'o anavyokunja mabawa yake kama makasi. Akawaambia kwamba mdudu huyu hupenda kitu cheusi kinachotembea, ndiyo maana wakamataji hutembea na kitambaa cheusi mgongoni na wenzao hufuata nyuma na wavu. Watoto wakataka kujaribu. Mzee Yahaya akakataa.

“Hapana, Mwalimu. Kuumwa ni kazi yangu mimi. Hawa waangalie tu.”

“Hatua chache tu, mzee, ukingoni hapo. Waone kwa macho yao.”

“Kwa macho wameshaona. Unataka waone kwa ngozi?”

Lakini alikuwa akicheka alipokuwa akisema, na mwalimu naye akacheka. Akavua kaniki yake mwenyewe, nguo nyeusi aliyojitanda, akamfunika mgongoni Imakulata, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kila siku. Mtoto akatembea mpaka ukingo wa msitu, kifua mbele, wenzake wakimfuata na wavu. Wakakamata mbung'o. Mmoja hawakumkamata. Imakulata alijipiga kofi shingoni, akapaza sauti, “Mwalimu, huyu ameninyonya! Mpe vema, amejua somo!”

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Apolinaria alisema baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hakupata kusikia darasa likicheka vizuri namna ile.

Wiki chache baadaye Imakulata alishikwa na homa. Nyumbani walidhani ni homa ya siku zote, akapewa dawa, ikashuka, akarudi shuleni. Akaanza kusinzia. Wakati ule nyumbani kwao palikuwa na maandalizi ya arusi ya shangazi yake, wanawake walitwanga na kuimba mpaka usiku mkubwa, na mwalimu akafikiri mtoto hapati usingizi. Aliwatuma watoto wamwambie Josepha amlaze mapema. Josepha naye akajibu kwa watoto hao hao, “Mwambieni Mwalimu amfundishe vizuri, mtoto hasinzii kwenye maneno matamu.” Ulikuwa utani wa majirani wawili waliopendana. Na darasani mtoto aliyesinzia alisimamishwa ukutani, ndiyo desturi ya shule. Imakulata alisimamishwa. Wenzake wakampa jina, Bibi Usingizi.

Mwalimu alikuwa ameandika dalili za malale ubaoni kwa mkono wake mwenyewe, na kusinzia ilikuwa mojawapo. Hakuiona. Alimwona mtoto aliyekesha arusini.

Mwezi wa Julai mwishoni ndipo tezi za shingoni zilipovimba. Mganga wa zahanati alimtoa damu, akaitazama, akampeleka hospitali siku ile ile. Alichomwa sindano nyingi. Alifariki tarehe 21 Agosti 1947.

Na mwezi uliofuata Josepha akaja mlangoni. Bwana Tobias alikuwa ndani na alisikia yote, kwa hiyo ninayoyasoma si ya kubuni. Kwa lile swali, marehemu alijibu, “Tangu wiki ya Watakatifu Petro na Paulo.”

“Na wewe ulimfanya nini?”

“Nilimsimamisha ukutani.”

“Akiwa amesimama, alisinzia?”

“Alisinzia, Josepha.”

Josepha akajifunga vizuri kanga yake akaenda zake.

Watu wengi walijaribu kumfariji marehemu. Mganga alisema hakuna ajuaye ni mbung'o yupi, kwani mtoto yule alikwenda pia kuokota kuni ng'ambo ya mto kama watoto wote. Padri alimwambia hivyo. Nami nilimwambia hivyo, tena mara nyingi. Yeye alikuwa akijibu, “Inawezekana, dada. Lakini kaniki ilikuwa yangu.”

Wazazi waliwatoa watoto. Madawati ya mbele yalibaki matupu. Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, aliita baraza, na pale barazani marehemu alisimama akaeleza kila kitu, pamoja na yale ambayo mzee Yahaya alimkataza. Waliomwonea huruma walimwomba akae chini. Hakukaa mpaka alipomaliza. Baadhi ya watoto walirudi polepole, kwa sharti kwamba wasitoke tena nje ya shule, na mwalimu akakubali.

Zaidi ya miaka miwili watoto wa Ikongwa walisomea ndani. Walisoma kibaba bila karanga. Waliimba kwa pamoja kwamba mbuga ni nchi tambarare yenye majani, na mbuga yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta. Mkaguzi mmoja alipita, akasema hajaona darasa tulivu kama lile. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na mboga. Nilimkuta jikoni, jiko limezimika, anaangalia majivu. Nikamwuliza, “Si amekusifu?” Akasema, “Amesifu watoto waliolala macho wazi, Skola.” Hakula jioni ile. Kwa Josepha hakupita mbele ya nyumba. Alizunguka kwa nyuma ya kanisa, njia ndefu, mvua na jua.

Josepha alikuwa na binti mwingine, Bernadeta. Alipofikia umri wa kusoma, mama yake alisema hatakanyaga shule. Bernadeta alikaa nyumbani mwaka wa kwanza, na wa pili. Jambo hili lilimtesa marehemu kuliko yote. Alikuwa akimwona mtoto amesimama nje ya dirisha la shule na ndoo ya maji kichwani, midomo ikifuatisha herufi, mpaka mama yake anamwita. Mwezi wa Januari mwaka 1950 marehemu aliamka asubuhi, akahudhuria Misa, kisha akaacha ile njia ndefu akaenda moja kwa moja mpaka kwa Josepha. Nilimsindikiza, lakini niliambiwa nibaki barabarani.

“Hodi.”

“Hodi ya nani?”

“Ya Apolinaria.”

Kisha Josepha akasema kutoka ndani, “Semea hapo hapo.”

“Nimekuja kumwomba Bernadeta asome.”

“Nikikupa huyu, utanirudishia?”

Marehemu aligeuka akanitazama pale barabarani. Nilidhani ataondoka.

“Siwezi kuahidi, Josepha.”

Josepha akatoka mlangoni. Walikuwa hawajatazamana tangu siku ya lile swali. Akasema, “Ungeahidi, ningekufukuza.” Halafu akasema, “Atakuja. Na mimi nitakuja.”

Tulidhani ni maneno ya hasira. Jumatatu akaja kweli, na kigoda chake, akaketi nje ya mlango wa shule na kazi yake ya kusuka ungo. Wazazi wengine walipomwona pale, mama wa Imakulata, wakaliondoa lile sharti lao. Mwaka ule darasa lilitoka nje tena. Mwalimu alitangulia. Josepha akafuata nyuma ya mtoto wa mwisho, na tawi la majani mkononi, akipangusa migongo ya watoto mmoja mmoja. Nguo nyeusi alizikataa kabisa. Mtoto aliyekuja na kaniki ya mama yake alirudishwa nyumbani abadilishe, na safari ikamngoja.

Na aliposema “Rudini,” walirudi. Siku moja walikuwa wanakwenda Kwihara, wamekwisha kuliona tembe kwa mbali, Josepha akasimama mahali ambapo miti ilikuwa imeota upya kando ya njia.

“Rudini.”

“Aa, Mama Imakulata! Tumeshafika!”

“Mmefika wapi? Kaburini?”

Watoto walinung'unika, mmoja akapiga mguu chini. Mwalimu hakuuliza sababu. Aligeuza darasa likageuka, wakaketi kwenye uwanja uliolimwa, na somo la historia likafundishwa hapo hapo huku tembe likionekana kule mbele. Waliochoka walifurahi, waliotaka kuligusa walilia. Siku kama hiyo zilikuwa nyingi.

Kwa miaka tisa walitembea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto katikati. Naomba msidhani kwamba walipatana. Hawakula pamoja. Hawakupeana mikono, hata kanisani. Josepha akiwa na neno alimtuma mtoto: “Mwambie Mwalimu jua limekuwa kali.” Mwalimu naye: “Mwambie Mama Imakulata ahsante, tunageuka.” Watoto walikuwa wakikimbia katikati kama wabeba barua, na wengine waliongeza chumvi yao, wakatandikwa.

Mwaka 1954 palikuwa na mwanafunzi wa darasa la pili, Eustace. Alikuwa hajasinzia bado. Asubuhi moja Josepha alimshika shingo alipokuwa akipangusa mgongo wake, akamshika tena, na kwa mara ya kwanza akapita mbele ya darasa mpaka alipokuwa mwalimu. “Huyu apelekwe leo. Si kesho.” Marehemu alimbeba Eustace mgongoni mpaka zahanati, akiwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, na darasa likabaki na Josepha. Eustace alichomwa sindano akapona. Leo ni miongoni mwa watakaobeba jeneza.

Jioni aliporudi kutoka zahanati, marehemu alimkuta Josepha bado yuko shuleni peke yake, ameketi chini, kigoda kiko pembeni. Josepha akasema, “Wa mwenzangu nimemwona. Wangu sikumwona. Nilikuwa natwanga unga wa arusi.” Apolinaria akaketi chini naye, kando yake. Kulipoingia giza kila mmoja akaenda kwake. Haya nimeyapata kwa marehemu, na jana Josepha amenisikiliza nikiyasoma na hakuyakanusha.

Bernadeta alimaliza darasa la nne, na sasa ni mwanafunzi wa uuguzi kwa masista. Mungu amlinde.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka jana, mwezi wa Novemba. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wa Tabora walisema ni moyo. Alilazwa mara mbili. Alipoambiwa asitembee, aliwafundisha watoto akiwa ameketi kwenye kigoda uani kwake, akiwatuma waende wakatazame kitu na kurudi kumweleza. Baada ya Pasaka hakuinuka tena kitandani. Kila asubuhi Josepha alileta uji wa ulezi mpaka mlangoni, akanipa mimi, akauliza, “Jana alikunywa?” Hakuingia. Nami sikumlazimisha. Marehemu akionja alisema, “Huu hauna sukari. Ni wa Josepha.” Akaumaliza.

Alipokea sakramenti za mwisho, na alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Mei 1959, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mumewe na mimi tukiwa kando yake. Siku zake za mwisho hazikuwa na utulivu. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu mpya anakuja mwezi ujao, na kwamba mwanangwa na wazazi wengi wamekwisha kukubaliana kwamba matembezi yaishe pamoja naye, watoto wafundishwe ndani. Hakumlaumu mtu. Alisema wana haki ya kuogopa, yeye mwenyewe aliogopa kila asubuhi alipofungua ule mlango. Lakini usiku alikuwa akiwaita watoto kwa majina akiwapanga mstari, na aliniuliza mara kwa mara kama nyuma yupo mtu.

Marehemu ameacha mume, bwana Tobias, watoto wawili, Sylvester, anayefanya kazi stesheni ya Tabora, na Veneranda, aliyeolewa Igunga, wajukuu watatu, kaka yetu mdogo Wenceslaus wa Puge, mimi dada yake Skolastika, na watoto wa shule ya Ikongwa, wale waliosimama kule na sare zao, pamoja na wote waliopita mikononi mwake na sasa wana watoto wao.

Mwenyezi Mungu aliyeuona moyo wake ampe sasa lile pumziko ambalo hapa duniani hakulipata, na Imakulata ampokee.

Jumapili iliyopita aliomba tumwinue aegemee ukuta. Alikuwa na neno kwa ajili ya mwanangwa, wazazi na mwalimu atakayekuja, na alitaka lisomwe leo, Josepha akiwepo. Josepha amelisikia jana, akaniambia, “Lisome kama alivyolisema.” Alilisema hivi:

“Naomba mwalimu mpya asiwafungie watoto ndani. Lakini kabla hajawatoa, amwulize Josepha. Josepha akisema hapana, basi iwe hapana.”